Mafundo ya Kamba ya Baba

Mwezi uliopita niliingia duka moja hapa Sumbawanga kununua bawaba za mlango wa jiko. Kijana wa duka alikuwa akimkatia kamba ya katani mteja aliyenitangulia, na robota lilikuwa jipya. Alipolifungua ikatoka harufu ile kavu, yenye ukali wa majani na vumbi, ambayo ukishaijua hutaifananisha na kitu kingine. Nikajikuta nimeishika meza kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Unaumwa?" akaniuliza.

Nikamjibu marahaba, siumwi, nimechoka kutembea tu. Akanipa kigoda. Nikakaa pale nikiinusa kamba ile, na bawaba zenyewe sikununua. Wenzangu wa umri wangu mtanielewa. Siku hizi nasahau nilichokula jana, lakini harufu moja tu ikinipitia puani, nakumbuka msimu mzima wa zamani, na watu wake, na maneno yao.

Harufu ile ni ya baba yangu. Kabla sijazaliwa alikwenda manamba, kama walivyokwenda vijana wengi wa Ufipa enzi za Mwingereza, kukata mkonge huko Tanga. Alikaa miaka minne. Alirudi na blanketi moja, koti lililopungua vifungo, na kamba ndefu ya katani aliyoizungusha kwenye vijiti viwili. Blanketi tulijifunika mpaka likawa nyuzi. Koti alilivaa kanisani hadi viwiko vikatoka nje. Kamba ndiyo aliyoithamini kuliko vyote. Huko Tanga alikuwa amezoeana na karani mmoja wa shamba, na siku za mwisho mwisho karani yule alimpimia kamba kwa rula, akimwonyesha wapi afunge fundo na wapi aache, ili akifika kwao apande mahindi kwa mstari. Fundo hadi fundo, nafasi ile ile, kutoka mwanzo hadi mwisho wa kamba. Baba hakuwa na rula, wala kijijini kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Vipimo vyake vyote vilikuwa ndani ya mafundo yale.

Kijiji chetu kilikuwa kati ya Sumbawanga na Chala, kwenye uwanda ule wa majani usio na miti, ambako upepo hauna cha kuuzuia. Watu wa kwetu walilima ntumba. Mvua zikikaribia kuisha walikata majani mabichi, wakayakusanya mafungu mafungu na kuyafunika kwa udongo, mpaka bonde zima linajaa vilima vidogo vya duara; ukitazama kutoka mbali utadhani kundi la ng'ombe limelala. Majani yanaoza humo ndani, juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unavitawanya vilima na kupanda ulezi. Hivyo ndivyo alivyolima bibi yangu, mama yake Baba, na mama yake kabla yake.

Baba akaja na kamba yake. Kila mwaka alizidisha mistari na kupunguza ntumba. Bwana Shamba alipopita na baiskeli yake, kaptula imepigwa pasi, alisimama mwisho wa shamba letu akafumba jicho moja kama mtu anayelenga bunduki. Kisha akawaambia watu waliokuwepo, "Njooni mtazame kwa Kasiano. Hivi ndivyo mahindi yanavyopandwa." Jioni ile Baba alitembea kwa namna nyingine kabisa.

Bibi alikuwa haoni cha kutazamwa. "Mahindi ni askari hata yapangwe foleni?" alisema.

Kazi yangu mimi, Skola, ilikuwa kushika kijiti cha pili. Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Baba anasimama huku, mimi nasimama kule, kamba inakazwa katikati yetu juu ya udongo mweusi. "Vuta, Skola!" Navuta. "Legeza kidogo. Hapo hapo!" Nachomeka kijiti. Anapita na jembe akichimba kwenye kila fundo, Mama nyuma yake anadondosha mbegu mbili na kufukia kwa kisigino, na mdogo wangu Kreto analala mgongoni kwa Mama, kichwa kinaning'inia. Mikono yangu ilinuka katani hadi usiku. Nilipenda kuliko michezo yote. Nilijua kuwa mstari ule haunyooki bila mimi.

Mwaka ninaousimulia, Baba alipanda mahindi mteremko wote. Bibi alibaki na kipande chake cha bondeni, ambako alitawanya ntumba za mwaka uliotangulia na kusia ulezi, yeye na Mama. Mvua zilianza vizuri. Mahindi yaliota kila yalipowekwa, na nilikuwa nikikimbia katikati ya mistari nikiigusa miche kwa vidole. Baada ya Noeli mvua ikakatika.

Mwanzoni hakuna aliyeogopa. Kisha wiki ikapita, na nyingine, na upepo wa kwetu ukaanza kufanya kazi yake. Asubuhi majani ya mahindi yalikuwa yamenyooka, mchana yanajisokota kama tumbaku. Udongo ulipasuka kati ya mistari. Baba alikwenda shambani kila siku ingawa hapakuwa na cha kufanya. Alisimama tu, mikono nyuma. Jumapili padri aliongoza maandamano kuzunguka kanisa, tukaimba litania vumbi likiingia midomoni. Jioni, upande wa Bonde la Rukwa, radi zilinguruma mbali sana, lakini hazikuja.

Siku moja Bibi alirudi kutoka kisimani na mtungi nusu. Alikuwa amekaa huko tangu alfajiri akingoja maji yajikusanye. Alitua mtungi, akaketi kizingitini, akamwambia Mama, "Unajua watu wanasemaje kisimani? Wanasema mvua imefungwa. Na mimi nimewaambia, msihangaike kumtafuta aliyeifunga. Aliyeifunga ni mwanangu. Kila fundo alilofunga kwenye ile kamba yake, amefunga mvua ndani."

Mama akasema, "Mama, usiseme hivyo."

"Nimechoka, mwanangu. Ngoja niseme."

Alikuwa ni mwanamke mzee aliyechoka, na uchungu ulimtoka kinywani. Leo naelewa. Wakati ule nilikuwa nimekaa ndani na Kreto, na niliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia habari. Niliinua macho. Kamba ilikuwa juu ya uchaga, imezungushwa kwenye vijiti vyake, na mafundo yake yametokeza kama vifundo vya vidole. Nikaiona mvua imefungwa humo kama ndama anavyofungwa kwenye kigingi. Nikaelewa na radi za jioni ni nini: ni mvua inavuta kamba, inalia, inataka kuja kwetu na haiwezi.

Sikumwambia mtu. Niliona jambo lenyewe liko wazi.

Kila mchana Baba alipokuwa shambani, Mama kisimani, na Bibi bondeni akipalilia ulezi wake, nilipindua kinu, nikapanda juu yake, nikashusha kamba. Mafundo yale yalikuwa yamekazwa na mtu mzima na kukauka miaka mingi. Nilitumia mwiba, halafu msumari, mwishowe meno. Ladha ya katani ni chungu, na nyuzi zake zinakata. Fundo likiachia, nilipuliza pale lilipokuwa, kuisaidia mvua itoke. Kreto alikaa akinitazama na kucheka kila nilipopuliza. Siku nyingine nilifungua machache, siku nyingine mengi. Kabla watu hawajarudi nilizungusha kamba vile vile na kuirudisha juu, nikitanguliza sehemu yenye mafundo ionekane, mpaka ikafika siku haikuwa na mafundo tena.

Wakati wa kula Bibi alinishika kidevu. "Midomo yako imefanya nini, mke mwenzangu?" Alikuwa akiniita hivyo tangu nilipozaliwa.

"Ni upepo, Bibi."

Alinitazama. Kisha akachota samli kidogo kwa kidole akanipaka midomo, na vidole vyangu pia, kimoja kimoja, bila kuuliza vidole vimepatwa na nini.

Siku ya tatu baada ya fundo la mwisho, mvua ikanyesha.

Ilikuja alasiri, ghafla, ikapiga mteremko wote. Watu walitoka nje na masufuria na mitungi. Mama alivua kilemba. Baba alisimama uani mdomo wazi akiacha maji yamwingie. Nami nikasimama chini ya michirizi ya paa, moyo unanidunda, nikijua peke yangu duniani ni nani aliyeileta. Sijapata tena furaha kama ile. Nimeolewa, nimezaa, nimewaona wajukuu, na bado nasema hivyo.

Asubuhi Baba aliamka na nguvu mpya. Mahindi mengi yalikuwa yamekufa, lakini udongo ulikuwa umelowa, na alitaka kupanda maharage kwenye mapengo kabla haujakauka. Akaingia ndani kuchukua kamba. Akatoka nayo uani, akaanza kuifungua, pima moja, pima mbili. Mikono ikasimama. Akafungua zaidi. Kamba ilipita vidoleni mwake laini kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nani ameigusa kamba yangu?"

Mama alimtazama Bibi, kisha akatazama chini, na Baba akauona ule mtazamo.

"Mama," akasema. "Nani aliyesema mafundo yangu yamefunga mvua? Nimeulizwa jambo hilo hata kanisani."

"Nilisema," Bibi akajibu. Alikuwa anapepeta maharage na hakuacha. "Kusema, nilisema. Kamba yako sikuigusa."

"Ameigusa nani? Kreto?"

Bibi akaweka ungo chini. Hakunitazama. Nakumbuka vizuri jinsi alivyojizuia kunitazama. Alikaza macho yake kwenye mlango wa zizi kana kwamba pana mtu amesimama. Nami nilikuwa nimejificha nyuma ya mguu wa Mama, na mdomo wangu ulikataa kufunguka. Adhabu niliiogopa, lakini palikuwa na kitu nilichokiogopa zaidi. Nilijua nikisema tu, Baba atayafunga upya.

"Miaka minne nilikata mkonge," Baba akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Miiba imeniingia mpaka leo. Nilileta kitu kimoja. Kama shamba langu linakukera kiasi hiki, Mama, si lazima uishi nalo."

Bibi aliinuka polepole, akapangusa makapi mapajani. "Nimekusikia, Kasiano," akasema.

Asubuhi ile ile alifunga nguo zake, akachukua jembe na kikapu, akaondoka kwenda kwa kaka yake, ng'ambo ya Chala. Mama alimfuata hadi njiani akilia na akarudishwa. Bibi aliponipita aliniwekea kiganja kichwani. "Baki salama, mke mwenzangu. Mwangalie mdogo wako."

Maharage Baba aliyapanda kwa kukadiria kwa macho, mistari ikaenda kombo, na mvua haikurudi. Ile ilikuwa moja tu. Mahindi yaliyosalia yalitoa mbelewele nyeupe na magunzi matupu. Katika mteremko wote, ukisimama juu, kitu kibichi kilikuwa kimoja, kipande cha Bibi cha bondeni, ambako majani yaliyooza yalikuwa yameshika unyevu, na ulezi ulisimama mfupi lakini hai.

Njaa ilikuja taratibu. Uji ulianza kuwa mwepesi, ukazidi kuwa mwepesi, mpaka ukaweza kuona chini ya bakuli. Tulikula majani ya maboga, halafu majani ya maharage yaliyokaushwa. Baba alikwenda mjini na mbuzi wetu wawili, akarudi na debe la mahindi kutoka kwa mwenye duka mmoja wa Kiislamu aliyefahamiana naye. Mke wa mwenye duka alimpa na tende za mtoto, zimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Sikuwa nimewahi kuona tende. Nilidhani ni mende wakubwa waliokaushwa, nikapiga kelele nikakimbia, na Mama akacheka mpaka akaketi chini. Nadhani ndicho kicheko pekee cha miezi ile.

Na wakati wote huo pale uani kilisimama kihenge cha Bibi kimejaa ulezi. Kila mwaka baada ya kuvuna alikijaza, akakifunika, akakikandika kwa udongo juu, na kabla udongo haujakauka alikandamiza kiganja chake. Alama ya kiganja ilikuwa pale, vidole vitano. Ulezi hauliwi na wadudu. Humo ndani palikuwa na wa mwaka uliotangulia na wa mwaka wa kabla yake. Sikuelewa kwa nini hatuli. Nilimuuliza Mama.

"Kihenge kina mwenyewe," akaniambia. "Nikikigusa, atasema nilikuwa nangoja aondoke."

Siku nyingine nilimsikia akimwomba Baba akifungue yeye. Baba alikuwa ananoa panga. "Nimemfukuza mtu halafu nile chakula chake?" akasema, akaendelea kunoa. Basi tukakizunguka kihenge kile kila siku kama tunavyozunguka kaburi, wakubwa wawili kila mmoja na aibu yake, na sisi watoto tukiwa na njaa.

Kreto alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Miguu yake ilikonda, tumbo likatokeza. Zamani alinifuata kila niendako; sasa alikaa nilipomwacha. Mchana mmoja nilitoka kuchukua kuni nyuma ya nyumba, na niliporudi hakuwepo mlangoni. Nilimkuta ameegemea kihenge. Alikuwa anakwangua ule udongo kwa ukucha na kulamba kidole. Alikwangua tena, akalamba, kwa utulivu, kama mtu aliyeandaliwa chakula.

Sikumbuki nilimwacha wapi. Nakumbuka nakimbia.

Baba alikuwa mteremkoni akikata mabua makavu kwa ajili ya ng'ombe wetu, waliokuwa wamekauka maziwa. Nilisimama mbele yake, pumzi zinanikata, na yote yakatoka kwa pamoja. "Baba, mafundo niliyafungua mimi. Siyo Bibi. Nilipanda juu ya kinu. Usiyafunge tena, Baba, tafadhali, Kreto anakula udongo."

Panga likabaki hewani. "Uliyafungua wewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mvua ilikuwa imefungwa ndani. Bibi alisema. Nilitaka itoke. Na ikatoka, Baba. Ilitoka, uliiona."

Niliinama nikingoja kofi. Nilipoinua uso, Baba alikuwa amekaa chini kati ya mistari miwili ya mabua, panga limemwanguka kando. Alinishika mikono akaigeuza viganja juu, akatazama vidole ambavyo vilikuwa vimepona siku nyingi. "Ulitumia nini?" akauliza. Nikamwambia mwiba, msumari, na meno. Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kutetemeka mabega, nami nikadhani anacheka. Ilinichukua muda kutambua kwamba hakuwa anacheka.

"Na Bibi alijua?" akauliza mwishowe.

"Alinipaka samli."

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, tuliondoka mimi na yeye. Tulitembea upepo ukitupiga usoni, tukapita vijiji ambavyo mashamba yake yalikuwa kama letu. Chala tulipumzika kidogo, tukanywa maji, tukaendelea. Nilipochoka alinibeba mabegani.

Kwa kaka yake Bibi tulifika mchana. Babu Anseli alikuwa ameketi nje akisokota uzi wa ngozi, na Bibi alikuwa uani akichambua mboga. Alituona tangu mbali na hakuinuka. Baba alinishusha. Alivua kofia. Akasogea mpaka hatua chache mbele ya mama yake, akachuchumaa chini kabisa, akapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa, kama tunavyowasalimu wakubwa Ufipa. Alipiga na kupumzika, akapiga tena. Mtu mzima, mwenye shamba lililosifiwa na Bwana Shamba, amechuchumaa vumbini mbele ya majirani waliokuja kuchungulia. Mpaka siku ile haikuwa imenijia akilini kwamba baba yangu naye ni mtoto wa mtu.

Bibi alimwacha apige. Alichambua mboga hadi fungu likaisha.

"Mmekula?" akauliza.

"Mama, nimemleta mkosaji," Baba akasema.

"Mkosaji yupi kati yenu?"

Baba akainamisha kichwa. "Mimi, Mama."

Babu Anseli akakohoa. Nami sikuweza kungoja; nilimkimbilia Bibi nikajitupa mapajani mwake juu ya mboga. "Bibi, ni mimi! Ulijua ni mimi. Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?" Alinifuta pua kwa pembe ya kanga. "Maneno uliyasikia kwangu. Ningemtoa mtoto apigwe kwa maneno ya kinywa changu mwenyewe?" Kisha akamwambia Baba juu ya kichwa changu, "Na wewe ungenisikiliza siku ile?"

"Nisingesikiliza."

"Basi." Akanisogeza, akasimama kwa shida akishika goti. "Kreto hajambo?"

Baba akakunja kofia yake mikononi. Bibi alimtazama usoni kwa muda, na hakuuliza mara ya pili. Akaingia ndani akatoka na kikapu chake na jembe lake. Babu Anseli alitaka tulale, tuondoke asubuhi. "Nimekwisha kulala hapa vya kutosha," Bibi akasema. Tulifika Chala tu siku ile, tukalala kwa mtu wa ukoo, na mapema tukaendelea. Safari hii Baba alimbeba mama yake mgongoni kila penye mlima, na mimi nilibeba jembe.

Tulipoingia kijijini njia ilipita kando ya mteremko wetu. Bibi akaomba ashushwe. Alisimama mwisho wa shamba, akafunika macho na kiganja kuzuia jua, akatazama mabua yaliyokufa, mstari baada ya mstari, hadi kule juu kunakoishia anga. Upepo uliyapitia yakaguna. Alitazama muda mrefu. Nilidhani atamsuta.

"Yamenyooka kweli, Kasiano," akasema.

Baba aligeuka upande akakaa hivyo, mgongo wake umetuelekea. Bibi akanishika mkono tukatangulia nyumbani.

Mvua nzuri hazikuja hadi msimu uliofuata, na nisiwadanganye, tulikonda sote. Ulezi wa bondeni tuliuvuna vikapu vichache tu. Lakini hatukuzika mtu nyumbani kwetu mwaka ule, na si nyumba zote kijijini zinazoweza kusema hivyo. Mvua ziliporudi Baba alimfuata mama yake bondeni na kumwuliza majani yakatwe marefu kiasi gani, swali ambalo mtoto yeyote wa Kifipa analijua jibu lake, na Bibi alimweleza kwa utaratibu kana kwamba ni jambo gumu. Mistari hakuiacha, ila iligawana mteremko na ntumba. Mimi niliendelea kuamini kwamba mvua ile moja niliifungulia mimi. Niliamini mpaka nikawa msichana mkubwa, na sikuacha siku moja. Imani ile ilipungua kidogo kidogo, hata sijui iliishia wapi.

Siku tuliyorudi, Bibi hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kihenge, akapiga ule udongo kwa mpini wa jembe mara tatu, ukamwagika vipande vipande, kiganja na vidole vyake. Akachota ulezi kwa ungo. Mama alikuwa amesimama na jiwe la kusagia tayari mbele yake, na machozi yanamtoka bila sauti. Wakapiga magoti, mmoja huku na mwingine huku, wakaanza kusaga kwa kupokezana. Kreto alikaa katikati yao, na Bibi alikuwa akimtia unga mdomoni kwa ncha ya kidole.

Nikatumwa maji. Kisimani palikuwa na wanawake watano au sita, wamekaa na mitungi yao, wanangoja maji yajikusanye kama kila siku. Hewa ilikuwa kavu na tulivu, na sauti ya jiwe letu ilishuka mteremko hadi pale, bila kukatika. Wanawake wakanyamaza wakisikiliza. Mmoja akageuka akaniuliza, "Wewe Skola, ni kwenu huko kunakosagwa?"

Nikatua mtungi wangu kwenye foleni.

"Ni kwetu," nikasema. "Bibi amerudi."